Begi Linalomfuata Mgongo

Pale Memorial, soko la mitumba la Moshi, mabegi ya mlima huning'inizwa yakiwa yamejazwa magazeti makuukuu ili yatune. Yakishatuna yanapendeza. Mnunuzi anapita, anaangalia rangi, anavuta zipu mara mbili tatu, anauliza bei, anashtuka, anapunguziwa, analivaa begi bega moja. "Limekukaa, kaka," anaambiwa, na biashara imekwisha. Gazeti halina uzito. Begi lililojaa magazeti linamkaa kila mtu.

Mimi hununua kwa namna nyingine, na wauzaji wanaonifahamu wameshanizoea. Nikienda kutafuta begi nakuwa na mchele kilo 10 kwenye kiroba pamoja na chupa mbili kubwa za maji. Natoa magazeti, natumbukiza mchele na maji, nafunga mikanda yote, halafu natembea sokoni na kilo zangu 13 mgongoni, napanda ngazi za jengo lolote lililo karibu, nainama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Vijana hunitania: "Anko, unahamia wapi leo?" Robo saa inatosha. Ndani ya muda huo begi lisilonifaa litakuwa limeshanionyesha mahali litakaponichubua.

Kazi yangu ni kupandisha watu Kilimanjaro. Nilianza nikiwa mgumu, kama tunavyojiita wabeba mizigo wa mlima ule, njia ya Machame. Baadaye nikasomea uongozaji na kupata leseni. Lakini mlimani kwetu mgeni habebi mzigo wake wote. Begi kubwa linakwenda kichwani au shingoni mwa mgumu, yeye anabaki na kibegi cha lita 30 hivi chenye maji, koti la mvua, sweta, karanga na kamera. Anayetaka kujua begi la kulala nalo njiani siku kadhaa hawezi kujifunza hapo peke yake. Shule yangu ya pili ni Usambara. Kazi ikipungua hupanda basi hadi Lushoto, nikatembea kwa miguu kupita msitu wa Magamba na Rangwi mpaka Mtae, pale ardhi inapokatika ghafla na nyika ya Mkomazi ikaonekana chini kabisa. Huko mgumu ni mimi mwenyewe. Hema, mfuko wa kulalia, jiko la gesi, sufuria, unga, dagaa, nguo kavu, vyote viko mgongoni, na maji juu yake, lita moja kilo moja.

Safari moja ya huko tulikuwa na mwalimu wa sekondari kutoka Dodoma, dada mrefu mwenye mwendo mzuri, aliyekuja na begi la lita 65 aliloazimwa na kaka yake. Kabla hatujaingia msituni nilimwona ameshapitisha vidole gumba chini ya mikanda ya mabega. Hiyo ndiyo alama ninayoitazama kwanza kwa mtu yeyote aliyevaa begi. Akianza kuinua mikanda kwa vidole, ujue mabega yameelemewa na mikono imekuja kutoa msaada.

"Pole, mwalimu. Linakuuma wapi?"

"Hapa juu, kaka. Na huku chini linanisugua mapaja. Lakini begi ni zuri, kaka yangu alipanda nalo Meru."

"Kaka yako ni mrefu kuliko wewe?"

"Wala. Tunalingana." Akacheka. "Ila mimi urefu wangu wote ni miguu."

Alikuwa amejibu swali zima. Begi halifuati urefu wa mtu, linafuata urefu wa mgongo, na watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kutofautiana mgongo kwa zaidi ya upana wa kiganja. Kupima ni rahisi na hakuhitaji mtaalamu. Mtu anainamisha kichwa, unapapasa chini ya shingo mpaka unaupata ule mfupa uliochomoza kuliko wenzake. Hapo ndipo futi ya fundi nguo inapoanzia. Kisha anaweka mikono kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikielekea nyuma. Mstari unaounganisha vidole gumba hivyo ndio mwisho wa kipimo. Mwalimu alipata sentimita 43. Begi la kaka yake lilikuwa limepangwa kwa mgongo wa zaidi ya 50.

Bahati nzuri lilikuwa begi la kurekebishika. Nilililaza kwenye majani, nikaingiza mkono nyuma ya mto wa mgongo, nikaubandua ule utepe wa kunata unaolia kraa, na fremu nzima ya mikanda ya mabega ikateremka kama sentimita nane. Nikabana tena. Nikamvisha upya, safari hii kwa utaratibu wake: mikanda yote imelegezwa, mkanda wa kiuno ukafungwa kwanza, katikati ya mto wake ukikaa sawasawa juu ya mfupa wa nyonga, wala si tumboni, ndipo mikanda ya mabega ikavutwa hadi ikagusa mabega bila kuyaminya, ndipo vile vikanda vidogo vya juu, vinavyotoka begani kwenda kichwani mwa begi, vikavutwa kidogo begi likasogea mgongoni, na mwisho kikanda cha kifua, ambacho watu wengi hukikaza kana kwamba ndicho kinachobeba, kumbe kazi yake ni kuzuia mikanda isiteleze kwapani.

Alitembea hatua chache, akasimama, akageuka. "Kaka, umetoa kitu humu ndani?"

Sikutoa hata kijiti cha kiberiti. Uzito ulikuwa umehama kutoka kwenye nyama kwenda kwenye mfupa. Bega ni mahali pabaya pa kuwekea mzigo wa siku nzima. Mkanda ukikandamiza hapo kwa muda mrefu unaweza kubana mishipa ya fahamu inayoelekea mkononi, mkono ukafa ganzi na hata kukosa nguvu. Madaktari wa majeshi wanalijua sana tatizo hili kwa askari wanaotembea na mizigo mizito. Nyonga ni mfupa mpana, uko karibu na miguu ambayo ndiyo mashine yenyewe, na begi likikaa vizuri sehemu kubwa ya mzigo inashukia hapo. Mabega yanabaki na kazi ya kulizuia begi lisianguke nyuma.

Ajabu ni kwamba wenye maduka wenyewe hawakuanza zamani sana kuuza mabegi yanayoshushia mzigo nyongani. Mabegi ya namna hii yalienea baada ya Dick Kelty wa California kuanza kuyauza mwaka 1952, fremu ya alumini anaitengeneza yeye, kitambaa anashona mkewe Nena. Inasimuliwa kwamba wazo lilitokea kwenye milima ya Sierra Nevada, pale ncha za fremu zilipochomekwa kwenye mifuko ya nyuma ya suruali na mabega yakapata nafuu papo hapo. Miaka kumi na mitano baadaye, 1967, Greg Lowe akaiingiza fremu ndani ya begi, na hilo ndilo umbo unaloliona leo karibu kila mahali.

Lakini mama yangu hakumngoja Kelty. Alipeleka ndizi sokoni kichwani, mkungu umekaa juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba, shingo imenyooka, mikono inaning'inia, akipiga soga na wenzake njia nzima ya mteremko na hata ya mlima. Mwaka 1986 watafiti, akiwemo Mkenya Geoffrey Maloiy, walichapisha katika jarida la Nature walichokipima kwa wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Wanawake hao waliweza kuchukua mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila mwili kutumia nishati zaidi ya ile unayotumia ukitembea mikono mitupu. Askari wenye mabegi mgongoni hawakuiona neema hiyo. Mimi nasoma habari ile nikiwa na mama yangu akilini: mzigo ulikuwa umesimama juu ya mifupa yake, wima. Sisi ambao shingo zetu hazikuzoezwa tangu utotoni tunalazimika kuitafuta mifupa hiyo kwa mikanda na mabizimu. Hata kile kiwango cha asilimia 20 nakikumbuka kila ninapopanga safari. Mtu wa kilo 60 nampangia kilo 12, begi lenyewe likiwemo, na mabegi mengi ya lita 60 yanakula karibu kilo 2 kabla hujatia hata soksi.

Sasa, kuna watu wanaodhani begi likishapimwa na kurekebishwa siku ya kuondoka basi kazi imekwisha. Hapo ndipo ninapotofautiana na wauzaji wengi, hata wa maduka ya kisasa yenye vioo na mizani. Wanampima mteja akiwa amevaa fulana, ametoka kula, hajachoka. Mwili utakaobeba begi si huo peke yake. Asubuhi ya kwanza una chakula chote na maji yote. Siku ya nne unga umekwisha, begi limenywea, vitu vinagongana ndani na mzigo umerudi nyuma mbali na mgongo, usipovuta mikanda ya ubavuni unatembea ukivutwa kinyumenyume. Mvua ikinyesha hema linakunywa maji na begi linaongezeka uzito bila wewe kuongeza kitu. Na wewe mwenyewe unapungua. Nimewaona wageni wa Lemosho, njia ndefu ya Kilimanjaro, wakikaza mkanda wa kiuno kidogo kila asubuhi mpaka pedi za kushoto na kulia zinakutana mbele ya kitovu. Zikishakutana hakuna tena cha kukaza. Mkanda unaning'inia tu, uzito wote unarudi mabegani, na begi lililokuwa zuri getini Londorossi linageuka adhabu.

Kwa hiyo ninapomchagulia mtu begi, namfungia mkanda wa kiuno ukiwa na mzigo halafu natazama nafasi iliyobaki kati ya pedi mbili pale mbele. Nataka upana wa vidole vinne au zaidi. Pungufu ya hapo, mkanda huo ni mkubwa kwake hata kama leo umemkaa. Upande wa pili nao una balaa lake. Usiku wa kuondoka kambi ya Barafu, mita zaidi ya 4,600, mtu amevaa sweta, koti la manyoya na koti la upepo juu yake. Mkanda uliopimwa juu ya fulana haufiki, na vidole vyenye glavu haviwezi kuhangaika na bizimu dogo. Jaribu bizimu ukiwa na glavu, dukani. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.

Njiani pia begi linataka kusemeshwa. Kwenye mlima mkali nalegeza kidogo vikanda vya juu ili kichwa kipate nafasi ya kuinuka na kutazama njia. Kwenye mteremko, kama ule wa Mweka ambao unashuka na kushuka mpaka magoti yanalia, navikaza begi lisinisukume mbele. Baada ya kila saa mbili hivi nahamisha mzigo makusudi, dakika kadhaa mabega yanabeba zaidi, kisha nyonga tena, ili ngozi ya mahali pamoja isichoke. Haya yote yanawezekana endapo mikanda inavutika kwa mkono mmoja huku unatembea. Yale mabegi ambayo ukitaka kurekebisha lazima ulivue, ulilaze chini na kupiga magoti, yana urekebishaji wa kwenye karatasi tu. Mtu aliyechoka hatalivua. Atavumilia, na jioni atakuwa na vidonda.

Kina dada wana la ziada. Mikanda ya mabega ya begi la kiume mara nyingi imeachana sana, inateleza pembeni au inakandamiza kifua. Mkanda wa kiuno nao umenyooka wakati nyonga zao zimepanuka kwa chini. Mabegi yaliyoshonwa kwa ajili yao yapo hata mitumbani, wauzaji huyachanganya tu na mengine na kuyaita ya watoto kwa sababu mgongo wake ni mfupi. Wanaume wenye mgongo mfupi nao wangeyafurahia, ila wakisikia ni ya kike wanayarudisha kwenye kamba.

Tukiwa bado mitumbani: lita zisikutishe. Lita 50 mpaka 65 zinamtosha mtu anayelala njiani siku tatu nne, na begi la lita 80 litajazwa tu, maana nafasi tupu haivumiliki. Bonyeza pedi ya kiuno kwa kidole gumba. Ikibaki imebonyea sponji imekufa. Ingiza pua ndani. Harufu ya uchachu na ungaunga mweupe kwenye mishono ni dalili kwamba ule utando wa kuzuia maji umeoza, na hakuna sabuni ya kuuponya. Kagua mzizi wa mikanda ya mabega, pale inaposhonewa mgongoni. Bizimu lililopasuka si kasoro kubwa, mafundi wa mabegi wanayo ya kubadilisha. Kasoro kubwa ni begi ambalo mkanda wake wa kiuno ulikuwa wa kuchomolewa na ukapotea huko lilikotoka; hayo yamejaa sokoni, yanauzwa bei ya kuchekesha, na mnunuzi hajui kwa nini.

Watu huniuliza: kama mkanda wa kiuno ni dawa namna hiyo, mbona wagumu wa Kilimanjaro hawautumii? Mzigo wa mgumu una kikomo cha kilo 20, unapimwa kwenye mizani getini, na juu yake ana begi lake mwenyewe lenye nguo na blanketi. Mizigo ya wageni inakuja ndani ya mabegi marefu ya duara yasiyo na fremu wala mkanda, yanatiwa kwenye kiroba yasilowe, yanapandishwa kichwani. Nimesikia wageni wakisema ni mila yetu. Sehemu moja ni kweli. Kijana aliyezoea kichwani anapenda mzigo anaoweza kuutua kwa kuinamisha shingo tu, hasa kwenye ukuta wa Barranco ambapo mikono inashika mwamba. Lakini sehemu nyingine ni kwamba hakuna aliyempa begi lenye fremu akalijaribu. Siku zile nilipokuwa mgumu, begi langu la mgongoni lilikuwa la shule, mikanda myembamba kama utepe, na juu yake kilo 20 za kampuni. Ningekuwa na usemi, kila kampuni ingekuwa na fremu chache za kubebea zenye mkanda wa kiuno, ziwekwe stoo, anayetaka achukue, asiyetaka aache. Gharama yake haifiki anacholipa mgeni mmoja.

Hivi karibuni mpwa wangu, anayesoma chuo Arusha, amekuja na mtindo mpya. Anataka begi jepesi lisilo na fremu kabisa, halifiki hata kilo moja, ameliona kwenye simu likivaliwa na Wamarekani wanaotembea maelfu ya kilomita. Tulibishana jioni nzima barazani.

"Anko, kilo zote hizo za begi lenyewe za nini? Si unabeba chuma bure?"

Hoja yake ina akili, siwezi kuipuuza. Wale anaowaona wamepunguza kila kitu: hema ni kitambaa kama cha mwavuli, chakula wananunua mjini kila baada ya siku chache, mzigo wao wote unaweza kuwa chini ya kilo 8. Kwa mzigo huo fremu ni anasa. Sisi tukienda Mtae hema letu ni la kizamani, sufuria ni ya kawaida ya jikoni, na duka la kwanza linaweza kuwa limefungwa. Begi lisilo na fremu likishapita kilo 10 hivi linakunjika kiunoni, mkanda hauna cha kushikilia, mzigo unarudi mabegani kule kule tulikokimbia.

Tuliacha maneno tukaenda kwenye mizani ya jirani anayeuza mkaa. Vitu vyake vyote, alivyovipanga mwenyewe, kilo 13. Akatoa jinzi ya pili, akatoa spika, akatoa kitabu kimoja akabakiza kingine. Kilo 11. Akaitazama sufuria, akanitazama mimi. Tukakubaliana sufuria na jiko nitabeba mimi kwenye begi langu lenye chuma, na yeye aende na lake jepesi tuone.